Kipandikizi au Kijazio? Maneno Matatu Yenye Kumhusu Mama Mjamzito

Katika kazi yetu ya kusanifu istilahi tuliletewa tafsiri ya kijarida cha afya chenye kichwa "Vipandikizi na Ujauzito". Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba mwanamke mwenye vipandikizi aweza kushika mimba bila taabu. Mfasiri alikusudia ile mifuko ya silikoni ambayo madaktari huiweka kifuani ili kukuza titi, au kulijenga upya baada ya saratani. Lakini mama wa Singida au wa Kilifi asomapo neno kipandikizi hukumbuka vijiti vya uzazi wa mpango, vinavyotiwa chini ya ngozi ya mkono ili kuzuia mimba kwa miaka kadhaa. Kwake yeye, sentensi ile ilitangaza kwamba vijiti havifanyi kazi. Kadhalika, "kupandikiza mimba" ni jina lililozoeleka la kumsaidia mwanamke ashike mimba iliyotungwa nje ya mwili. Neno moja, basi, limebebeshwa kuzuia mimba, kuileta mimba, na jambo la tatu ambalo halizuii wala halileti.

Pandikiza ni kitenzi cha mkulima. Mche wa mpunga hung'olewa kitaluni, hupandikizwa shambani, nao hushika mizizi. Mwaka 1895 huko Heidelberg, Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alihamisha uvimbe wa mafuta wa mgonjwa wake mwenyewe akaujazia titi lililofanyiwa upasuaji. Hapo mkulima wetu angekubali neno lake litumike, kwa kuwa nyama hai ilitoka mahali pamoja ikashika pengine. Mambo yalibadilika mwaka 1962 mjini Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Thomas Cronin na Frank Gerow walimtilia Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita, mifuko ya kwanza ya mpira wa silikoni iliyojaa silikoni laini mfano wa uji mzito. Mfuko huo haushiki mizizi. Mwili huutambua kuwa ni mgeni, ukaujengea ukuta wa kovu pande zote. Na ukuta huo ukikaza mno, titi huwa gumu na huuma. Hakuna kilichopandikizwa hapo. Kilichofanyika ni kujaza.

Wako wanaopendelea "titi bandia". Istilahi hii twaikataa kwa nguvu zaidi kuliko ya kwanza. Mfuko hukaa nyuma ya tezi za maziwa, au nyuma ya msuli wa kifua, na tezi zenyewe hubaki. Mimba ikiingia, tezi hukua kama za mama mwingine yeyote, na ngozi hutanuka. Baada ya kuachisha, titi laweza kulegea, kama yanavyolegea ya wengi wasio na mfuko. Wanawake wengi wenye mifuko hiyo hunyonyesha. Ni kweli kwamba wao, kwa jumla, hawafikii wenzao katika kunyonyesha maziwa ya mama peke yake, na mara nyingine sababu ni kisu: mkato uliopita pembezoni mwa chuchu waweza kukata vifereji vya maziwa na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mkunga hana budi kuuliza mkato ulipita wapi, na kufuatilia uzito wa mtoto. Lakini mama aliyeambiwa kwamba ana titi bandia ataamini kuwa na maziwa yake ni ya bandia, naye atamnyima mtoto hata dang'a. Titi bandia na libaki jina la kile kinachovaliwa ndani ya sidiria na aliyekatwa titi.

Tatizo la tatu ni silikoni yenyewe. Mwaka 1992 wakuu wa chakula na dawa wa Marekani waliizuilia sana mifuko yenye silikoni laini, nao hawakuirudishia ruhusa ya jumla hadi mwaka 2006. Katikati ya hofu hiyo, mwaka 1994, madaktari Levine na Ilowite wa New York walichunguza kundi dogo la watoto, wakaeleza kasoro za umio kwa baadhi ya walionyonyeshwa na mama wenye mifuko. Mwaka 1998 watafiti wa Toronto walipima maziwa. Ya mama wenye mifuko yalikuwa na wastani wa nanogramu 55 kwa mililita, ya mama wasio nayo 51, ya ng'ombe 709, na ya kopo 4,402. Jopo la wataalamu lililotoa taarifa yake Marekani mwaka 1999 halikupata ushahidi wa madhara kwa watoto, likashauri akina mama hao wanyonyeshe.

Nanogramu za nini? Hapa ndipo mfasiri hutumbukia. Kilichopimwa ni elementi iliyomo katika mchanga na nafaka, ikatumiwa kama kipimo cha kukisia. Haukupimwa mpira wenyewe. Mswidi Berzelius aliyeitenga elementi hiyo mwaka 1824 aliiita kwa jina la Kilatini, silicium. Jina la aina ile ya mpira lilibuniwa baadaye na Kipping wa Nottingham, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wafaransa na Wajerumani wanayatenga majina hayo waziwazi. Waingereza wameyatenganisha kwa herufi moja tu ya mwisho, nasi tuliochukua kwao tumeipoteza hata hiyo: vyote viwili ni silikoni. Msomaji wetu atadhani kwamba maziwa ya kopo yamejaa mpira.

Twapendekeza silisiamu kwa elementi, kwa mfano wa kalsiamu na magnesiamu, na silikoni ibaki kwa mpira na uji wake, maana mitaani limekwisha kukaa. Kwa mfuko, twapendekeza kijazio cha titi. Tulisita kuandika "cha ziwa", ingawa ni neno zuri la pwani, kwa sababu wingi wake ungetupa "vijazio vya maziwa", na hapo mtu angefikiri habari za chuai na maji. Kijarida kile tumekirudisha kikiwa na kichwa "Vijazio vya Matiti na Ujauzito". Mfasiri ametujibu kwamba kijazio chamkumbusha godoro. Twangoja maoni ya wakunga.