Jumamosi ya pili ya mwezi ni ya mazoezi: Watoto wa Singida wanaingiaje?

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi. Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa ili Watanzania watoke nje wanyooshe viungo. Lengo ni kupunguza magonjwa yasiyoambukiza kama kisukari, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo.

Wengi huiona kama siku ya watu wazima na jogging zao. Watoto nao wanahusika.

Mtoto anahitaji muda gani?
Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri:
- Miaka 1 hadi 4: angalau dakika 180 kwa siku za kucheza na kutembea tembea.
- Miaka 5 hadi 17: wastani wa dakika 60 kwa siku, za kumtoa jasho.
- Watu wazima: dakika 150 hadi 300 kwa wiki.

Kwa hiyo Jumamosi moja kwa mwezi ni ya kuamsha hamasa tu. Haitoshi.

Shuleni kuna nini?
Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo kwa shule za msingi. Pia kuna UMITASHUMTA (msingi) na UMISSETA (sekondari), mashindano yanayoanzia chini hadi taifa. Tatizo ni kwamba mashindano huchagua wenye vipaji. Asiyechaguliwa anabaki kutegemea kipindi cha michezo na uwanja wa mtaani.

Kijijini na mjini si sawa
Mtoto wa Mkalama au Itigi anayetembea kwenda shule, kuteka maji na kuchunga mifugo tayari anautumia mwili. Anachokosa mara nyingi ni muda wa kucheza, hasa wasichana. Kucheza ni haki: imo kwenye kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Mjini Singida, kikwazo ni runinga, simu, twisheni na viwanja vinavyogeuka nyumba na vibanda.

Mfano upo nyumbani
Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha Tokyo, Septemba 2025. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Familia ianzie wapi?
- Tembeeni pamoja jioni. Mkienda Ziwa Singidani au Kindai, msiwaache watoto peke yao karibu na maji.
- Rede, kombolela, kuruka kamba na chandimu havina kiingilio.
- Gawa kazi za nyumbani ili binti naye apate saa ya kucheza.
- Kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, uliza kama uwanja wa watoto umepimwa na kutengwa rasmi. Uliza mapema, kabla haujavamiwa.