Kibarua: Neno na Historia ya Kazi Katika Bandari ya Mombasa

Neno kibarua, kwa asili yake, ni udogo wa neno barua. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, yaeleza ya kuwa mtu aliyeajiriwa kwa siku aliitwa hivyo kwa sababu ya desturi ya kumpa cheti, ambacho alikirudisha alipopokea ujira wake. Basi hapo kwanza kibarua kilikuwa kikaratasi. Kisha jina la kikaratasi likamwangukia yule aliyekichukua. Na mwisho likawa jina la kazi yenyewe. Katika safari hii ya maana tatu imo historia ndefu ya wafanyaji kazi wa pwani.

Katika karne ya 19 wengi wa vibarua wa Mombasa na Unguja walikuwa watumwa. Mabwana zao waliwaruhusu kwenda kutafuta kazi kwa wenye biashara, kuchukua mizigo au kufanya kazi nyingine za mjini, na jioni sehemu ya ujira, aghalabu nusu yake, ikarudi kwa bwana. Hata hivyo mtumwa wa namna hii alijiona yu afadhali kuliko mwenziwe wa shambani, kwa kuwa nusu iliyobaki ilikuwa yake, na mchana kutwa hakuwa chini ya macho ya bwana. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, bwana alitoweka katika hesabu, lakini desturi ya kazi ya siku kwa siku ilibaki.

Desturi hiyo ilikua pamoja na bandari. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na mwaka 1926 magati ya maji marefu ya Kilindini yakaanza kupokea meli. Kazi ya bandarini hupanda na kushuka: leo meli ni nyingi, kesho hakuna hata moja. Waajiri walipendezwa na watu wa kuitwa siku ya haja na kuachwa siku isiyo na haja. Wala si waajiri peke yao waliopendezwa. Mtu mwenye shamba lake karibu na mji aliweza kufanya kazi siku chache kwa mwezi, akapata fedha za kodi na nguo, kisha akarudi kulima. Maofisa wa serikali walimwita mvivu. Yeye aliuona huo kuwa ndio uhuru wake.

Lakini uhuru huo ulimfaa mwenye shamba. Yule aliyetoka mbali, asiye na kitu mjini ila mikono yake, aliuona kuwa ni njaa. Alilipa kodi ya chumba kwa mwezi, hali ujira wake ulikuwa wa siku. Mwaka 1934 wachukuzi wa bandarini waligoma. Mwaka 1939 mgomo ulienea mjini, na taabu ya nyumba ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Tarehe 13 Januari 1947 ulianza mgomo mkuu wa watu wapatao 15,000, wa bandari, reli, mahoteli na majumba, nao ulidumu karibu wiki mbili. Kutokana na mgomo huo liliinuka Shirikisho la Wafanyaji Kazi wa Kiafrika, chini ya uongozi wa Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata mwaka huohuo na kumhamishia Baringo.

Hata hivyo serikali ilijifunza jambo. Iliona ya kuwa watu waliokuwa wakiajiriwa kwa siku waliweza kugoma pamoja kwa siku moja, kwani hawakuwa na ajira ya kudumu ya kuipoteza. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 wachukuzi waliandikishwa, na kazi ya kudumu ikaanza kuchukua mahali pa kibarua. Baada ya mgomo wa mwaka 1955, ambao Tom Mboya alishiriki katika kuutatua, ujira nao uliongezwa. Aliyeandikishwa alipata mapato ya kutegemewa, akaweza kukaa mjini na jamaa zake. Lakini kila daftari lina mwisho wake: bandari ilihitaji watu wachache wa kudumu kuliko wengi wa siku, na asiyeandikwa alibaki nje ya lango. Staha ya huyu ilinunuliwa kwa kukosa kwa yule.

Mwaka 1999 Juan Somavia, mkuu wa Shirika la Kazi Duniani, aliiweka kazi yenye staha kuwa shabaha ya shirika hilo. Na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliitia katika lengo la nane la maendeleo endelevu. Msamiati ni mpya, lakini swali ni lile lililoulizwa Kilindini: kazi iwe ya namna gani, na iwe ya nani? Atakayetaka kulijibu kwa kuhesabu ajira tu, au kwa kutazama ubora wake tu, atakuwa amelijibu nusu.

Lugha yenyewe haijasahau. Mtu anapoachishwa kazi, hata awe karani wa mshahara wa mwezi, Waswahili husema kibarua chake kimeota nyasi. Jina la kazi isiyo na kesho limekuwa jina la kazi yo yote. Yamkini waliolieneza hivyo walijua ya kuwa cheti, kiwe cha siku au cha mwezi, hurudishwa.