Fundi Aliyebeba Kiwanda Kichwani

Msomaji, mali ya taifa huhesabiwa kwa vitu vingi: mashamba, mifugo, madini, bandari na fedha. Siku hizi wataalamu wa uchumi huongeza kitu kingine kisichoonekana kwa macho wala kupimwa kwa ratili, nacho ni maarifa. Husema kwamba nchi inayojua kutengeneza kitu yaweza kutajirika kuliko nchi ambayo kitu hicho chaota katika udongo wake. Maneno haya ni mapya, lakini jambo lenyewe ni la zamani. Uingereza ililijua vyema zaidi ya miaka 200 iliyopita, ikalitungia sheria. Napenda nikusimulie habari za kijana mmoja aliyezivunja sheria hizo, maana katika habari zake utaona jinsi maarifa yanavyohama kutoka nchi hata nchi, na utaona vilevile kwamba mara nyingine hukataa kuhama.

Katika mwaka wa 1769 Mwingereza mmoja, Richard Arkwright, ambaye kwanza alikuwa kinyozi na mtengenezaji wa nywele za bandia, alipewa hati ya kumlindia haki ya mtambo wake wa kusokota pamba. Miaka miwili baadaye alianza kujenga kiwanda huko Cromford, katika jimbo la Derbyshire, na mtambo ukazungushwa na nguvu za maji. Kazi iliyokuwa ikichosha vidole vya wanawake wengi ikafanywa sasa na gurudumu moja na watumishi wachache. Uingereza ikaona kwamba imepata hazina. Sheria zikakataza mitambo ya nguo na michoro yake kutolewa nchini, na mafundi wenyewe wakakatazwa kwenda kufanya kazi yao ng'ambo. Angalia jambo hili la mwisho. Serikali ilifahamu kwamba kuzuia chuma na karatasi huku mtu akiachwa aende zake ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kijana huyo aliitwa Samuel Slater. Alizaliwa Belper mwaka wa 1768, na alipotimiza umri wa miaka 14 akawa mwanagenzi wa Jedediah Strutt, aliyekuwa mshiriki wa Arkwright. Miaka ya uanagenzi wake ilikuwa zaidi ya sita, na katika muda huo hakujifunza kazi moja tu. Alizijua mashine zote, alijua kuzitengeneza zikiharibika, na alijua jinsi ya kuwasimamia watu. Mwaka wa 1789, akiwa na miaka 21, alijivika mavazi ya mtu wa shamba akapanda merikebu ya kwenda Marekani. Hakuchukua mchoro hata mmoja. Laiti maofisa wa forodha wangalipekua mizigo yake siku nzima, wasingaliona mtambo wo wote, kwa kuwa mtambo ulikuwa kichwani mwake.

Huko Marekani tajiri mmoja wa Providence, Moses Brown, alikuwa amekwisha nunua mashine zilizotengenezwa kwa kuigiza zile za Uingereza. Zilikuwa na umbo la mashine, lakini hazikusokota uzi wa kufaa. Slater alipopata habari hizo alimwandikia barua, na mapema mwaka wa 1790 akaenda Pawtucket kuzitazama. Alizikataa. Wakapatana aunde nyingine, naye apewe nusu ya faida.

Hapa, msomaji, nakuomba usipite upesi, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari. Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Slater alimimina maarifa kutoka kichwani kama mtu amiminavyo maji kutoka mtungini. Haikuwa hivyo. Mashine ya kuchana pamba ilipoundwa, ilikataa kazi: pamba ilijiviringisha badala ya kutoka laini. Mashine hiyo huchana kwa meno madogo ya waya yaliyopachikwa katika ngozi, na meno hayo yalikuwa yametengenezwa na fundi mmoja wa Massachusetts, Pliny Earle, ambaye hakupata kutengeneza meno ya mashine ya namna ile. Matundu ya ngozi yalikuwa makubwa mno kwa waya, basi meno yakalegea na kulala nyuma. Walichunguza, wakajaribu, hata wakayapiga meno kwa kipande cha jiwe la kunolea mpaka yakapata mpindo uliotakiwa. Ni kitabu gani kingaliweza kueleza mpindo ule? Jicho lililoona meno mazuri kwa miaka sita ndilo lililotambua kwamba haya yamekosea.

Tena Slater hakuwa peke yake. Seremala Sylvanus Brown alichonga sehemu za mti. Mhunzi Oziel Wilkinson, ambaye Slater alikaa nyumbani kwake, alifua sehemu za chuma. Watu hawa hawakujua kusokota pamba kwa mtambo, lakini walijua mti na chuma, na kila Slater alipoeleza jambo waliweza kulifahamu, na labda kulirekebisha. Kama angalifika mahali pasipo seremala wala mhunzi, maarifa yake yangalikufa pamoja naye. Tarehe 20 Desemba 1790 mitambo ilianza kazi. Na maarifa hayakusimama hapo. Hannah, binti Wilkinson, aliyeolewa na Slater, alipata mwaka wa 1793 hati ya uvumbuzi wa uzi wa kushonea. Ndugu yake David akavumbua mashine ya kukereza skrubu. Wanagenzi wa Slater nao walitoka wakaenda kujenga viwanda vyao, jambo ambalo halikumfurahisha kila mara. Yeye aliyewatoroka Waingereza na siri yao hakupenda kutorokwa na yake.

Si haki kusifu tu. Watumishi wa kwanza wa kiwanda kile walikuwa watoto wadogo, baadhi yao wa miaka saba. Na baada ya mashine ya Eli Whitney ya kutoa mbegu, ya mwaka wa 1793, viwanda vya kaskazini vililishwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Moses Brown alikuwa adui mkubwa wa utumwa, amewaacha huru watumwa wake tangu mwaka wa 1773; kumbe fedha zake zilisaidia kuanzisha kazi iliyowatafutia watumwa jembe jipya.

Kusokota kulikwisha hama. Kufuma kwa mtambo kulibaki Uingereza. Mwaka wa 1810 mfanyabiashara wa Boston, Francis Cabot Lowell, alikwenda Uingereza, akakaa miaka miwili, akatembelea viwanda na kutazama mashine kwa makini. Aliporudi alimtafuta fundi stadi, Paul Moody, na mwaka wa 1814 kitanda cha mfumi chenye kuendeshwa kwa maji kilikuwa kikifanya kazi Waltham. Pamba iliingia mlango mmoja wa kiwanda ikatoka mlango mwingine ikiwa nguo. Waingereza waliwafungulia mafundi wao njia mwaka wa 1824, na mashine mwaka wa 1843, walipoona kwamba sheria haizuii tena kitu.

Sasa utauliza: habari hizi zatuhusu nini sisi? Zatuhusu sana, kwa kuwa nguo ya viwanda vile ilifika kwetu, na jina lake limo katika lugha yetu. Ndiyo merikani. Wafanyabiashara wa Salem walianza kufika Unguja katika miaka ya 1820, na mwaka wa 1833 Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani. Walichukua pembe, sandarusi na ngozi, wakaacha majora ya nguo nzito isiyotiwa rangi. Misafara ikaibeba mpaka Tabora na Ujiji, ikawa ni fedha: kwa shuka na doti watu walilipa hongo, chakula na mshahara wa wapagazi, na biashara ya watumwa ikalipwa kwayo pia. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza, nguo za Uingereza na baadaye za Bombay zilishika nafasi.

Wala usidhani kwamba pwani yetu haikujua kufuma. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka wa 1331 alieleza kwamba nguo za mji ule zilipelekwa hata Misri, na huko Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi. Wafumaji walikuwapo, na mafundi wa mti na chuma walikuwapo. Waliojenga majahazi hawakukosa akili ya mtambo. Lakini jora la merikani hubeba uzi, halibebi namna ya kuusokota. Nahodha wa Salem hakuja na mwanagenzi wa Slater, wala hapana kijana wa Unguja aliyekaa miaka sita Pawtucket akitazama meno ya waya. Bombay ilifanya vingine: kuanzia miaka ya 1850 matajiri wake walinunua mashine za Lancashire, wakawaajiri na mafundi Waingereza wa kuzisimamia, na kidogo kidogo Wahindi wakajifunza kutoka mikononi mwao.

Afrika ya Mashariki ilianza kwa upande wa shamba. Uganda ilipanda pamba ya kuuza ng'ambo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ikaitoa mbegu, ikaifunga robota na kuisafirisha kwa reli mpaka Mombasa. Ilipita karibu nusu karne kabla ya kiwanda kikubwa cha nguo kujengwa Jinja, katika miaka ya 1950, karibu na umeme wa maporomoko ya Owen. Kenya nayo ilijenga kiwanda cha Rivatex huko Eldoret katika miaka ya 1970. Baadaye kikaanguka, na mafundi wake wakatawanyika. Mwaka wa 2007 kilinunuliwa, na aliyekinunua hakuwa mfanyabiashara wa nguo. Kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, ili wanafunzi wapate mahali pa kusimama kando ya mashine.