Kitanda ukutani: hii nayo ni picha?

Wadau, kuna swali haliishi kila nikiongea sanaa na washkaji: mtu akichukua mto na shuka akavimwagia rangi, hiyo ni picha au uchafu? Leo naweka maelezo mafupi, ili tukibishana tuwe tunajua tunachobishania.

Mwenye kesi ni Robert Rauschenberg, Mmarekani aliyezaliwa Port Arthur, Texas, mwaka 1925 na kufariki 2008. Mwaka 1955 alichukua mto, shuka na blanketi la viraka, akavitandaza kwenye mbao, akavichorachora kwa penseli na kuvimwagia rangi ya mafuta, halafu akasimamisha ukutani. Kazi hiyo inaitwa Bed, yaani Kitanda, na ipo jumba la sanaa la MoMA, New York. Kazi za aina hii, nusu picha nusu sanamu, mwenyewe aliziita Combines.

Nilipoiona mara ya kwanza kwenye kompyuta nilicheka. Kwenye skrini ni bapa kama bango. Kumbe imetokeza kama sentimita 20 kutoka ukutani! Hapo ndipo penye ujanja. Picha ya kawaida hulidanganya jicho lione nafasi isiyokuwepo. Hii nafasi yake ipo kweli, imeingia mpaka chumbani uliposimama. Na kitanda unachokilalia kila siku bila kukitazama, kikishasimamishwa hakilaliki tena. Kilichobaki ni kukitazama tu.

Nyingine ni Canyon ya 1959, yenye tai aliyekaushwa na mto unaoning'inia. Mmiliki wake, Ileana Sonnabend, alifariki 2007. Sheria za Marekani zinakataza kumuuza tai yule, hivyo wathamini wa warithi wakasema thamani ni sifuri. Watu wa kodi wakasema dola milioni 65! Mwaka 2012 yakaisha kwa warithi kuitoa bure kwa MoMA.

Na msidhani ni mambo ya Wamarekani tu. Rosemary Karuga wa Kenya (1928-2021), aliyesoma Makerere, alitengeneza picha kwa vipande vya pakiti za sabuni na unga, maana rangi zilikuwa ghali. Kwa mbali unaona watu na wanyama. Ukisogea, unaona pakiti za dukani.

Jibu langu: ni picha, alimradi ukirudi nyumbani ukitazame kitanda chako upya. Anayepinga aje na hoja, matusi hapana.