Ugonjwa wa Mbweha

Ndugu msomaji, huenda umemwona kijana nyumbani ametokwa na duara tupu kichwani, laini kama kiganja, pasipo kidonda wala maumivu. Hapo majirani husema ni jicho, au amefanyiwa kitu. Akiwa msichana, hata posa huvunjika. Basi yafaa tujue wenye elimu wamesema nini.

Ugonjwa huu ni wa kale. Wayunani waliuita kwa jina la mbweha, kwani mnyama huyo hunyonyoka manyoya apatwapo na upele. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza ya miladi, alitaja namna mbili: moja ya mabaka, na nyingine izungukayo kichwa kama nyoka. Matabibu wa Kiislamu nao waliziita daau-thaalab na daaul-hayya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizieleza katika Al-Qanun, akasema asili yake ni majimaji mabaya ya mwili yaharibuyo mizizi ya nywele. Kauli hiyo leo haishikwi. Lakini tazama: aliitafuta sababu mwilini mwa mgonjwa, hakutafuta jirani wa kumtuhumu.

Leo twajua kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, hugeuka ikaishambulia mizizi ya nywele. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akiwamo Bibi Angela Christiano ambaye mwenyewe alipatwa na ugonjwa huu, walilinganisha wagonjwa zaidi ya 1,000 na watu wengine zaidi ya 3,000. Waliona tofauti katika sehemu kadhaa za urithi, nyingi zikihusu kinga hiyo. Na baadhi yazo zahusika pia na kisukari cha utotoni.

Wala urithi si hukumu. Hata pacha wa kufanana, mmoja huweza kuugua na mwenziwe akasalimika. Mizizi yenyewe haifi. Mabaka machache mara nyingi huota tena bila dawa. Kwa walioathirika sana, Marekani iliidhinisha dawa ya baricitinib mwaka 2022, japokuwa nywele huweza kuanguka tena ikiachwa. Mapunye ni kitu kingine: hayo huambukiza na yana dawa yake. Kwa hiyo mpeleke mgonjwa kwa daktari apambanue.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya watu watatu wa Bani Israil: mwenye mbalanga, mwenye kipara na kipofu. Wote waliponywa, lakini aliyefaulu ni yule aliyeshukuru. Mtihani haukuwa nywele, ulikuwa moyo. Na Suratul Hujurat, aya ya 11, yatukataza kudharauliana na kupeana majina mabaya.

Basi, ewe mzazi, ukiletewa posa na ukasikia kuwa binti wa watu ana baka kichwani, uliza dini yake na tabia yake. Na ewe jirani, uzuie ulimi wako. Nywele huenda zikarudi; heshima uliyoivunja ni vigumu kuirudisha.