Mbeya, Tukuyu, Kyela au Tunduma: Wapi pa kuweka makao kwa mfanyabiashara wa mipakani

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zina mipaka miwili yenye shughuli nyingi ndani ya mwendo wa saa chache. Upande wa magharibi upo Tunduma, unaotazamana na Nakonde nchini Zambia. Upande wa kusini upo Kasumulu wilayani Kyela, ambako daraja la mto Songwe linaingia Malawi kuelekea Karonga na Mzuzu. Njia hizo mbili zinaachana Uyole, viungani mwa Jiji la Mbeya.

Kwa sababu hiyo wafanyabiashara na wasafirishaji wengi huhamia mkoani Mbeya na mkoa jirani wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kodi za nyumba ni nafuu zikilinganishwa na Dar es Salaam, chakula hakiagizwi mbali, na mandhari ya milima, mashamba ya chai na Ziwa Nyasa ni ya kuvutia. Hata hivyo, wengi hupanga nyumba ya kwanza wanayoonyeshwa na dalali, wakiwa tayari wamelipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima, kabla hawajajua maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Tunduma

Tunduma unafaa kwa wakala wa forodha, mwenye duka la jumla, mbadilishaji fedha na mtu yeyote ambaye kazi yake inamtaka awe getini kila siku. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia, na tangu hapo ukaguzi wa nchi zote mbili unafanyika mahali pamoja kwa kila upande wa safari. Anayeishi mjini ana faida nyingine: anajua foleni ya malori ilivyo kabla hajaruhusu gari lake kutoka Mbeya.

Jambo moja huwachanganya wageni. Zambia na Malawi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Nakonde ikiwa saa 2 asubuhi, Tunduma ni saa 3. Mwenye miadi na ofisi ya ng'ambo aulize ni saa ya nani.

Kwa familia, Tunduma ni mji mgumu. Kiangazi vumbi ni jingi, malori yanakesha barabarani, na shida ya maji ni ya miaka mingi. Kodi ya nyumba inaweza kuonekana ya kawaida, lakini ukijumlisha maji ya kununua kwa madumu, tofauti yake na Mbeya inapungua au kwisha kabisa. Wenye uwezo wa kusubiri kidogo hukaa Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, au Mlowo, katikati ya mashamba ya kahawa ya Mbozi, na kwenda mpakani kwa kosta asubuhi. Utulivu ni mkubwa zaidi na hali ya hewa ni nzuri.

Jiji la Mbeya

Jiji lipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Mwezi Juni hadi Agosti usiku ni baridi kweli kweli, na aliyetoka pwani atahitaji blanketi mbili. Lakini hapa ndipo penye Hospitali ya Rufaa ya Kanda, vyuo vikuu, mabenki, mafundi wa malori, vipuri na masoko makubwa kama Mwanjelwa. Tunduma ni yapata kilomita 100, na Kasumulu ni umbali usiopishana sana na huo. Songwe upo uwanja wa ndege, uliofunguliwa Desemba 2012.

Anayefanya kazi na mipaka yote miwili, kwa mfano anayepeleka mchele Zambia mwezi huu na bidhaa za dukani Malawi mwezi ujao, atafute nyumba upande wa mashariki wa jiji, kati ya Sae na Uyole. Si upande mzuri kuliko yote; penye bustani na miti ni Forest, na kodi yake inaonyesha hivyo. Lakini Uyole inakuweka njia panda, na hilo lina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kutokana na ugonjwa wa corona. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa za Tanzania, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi, kabla katazo hilo kuondolewa baada ya siku chache. Aliyekuwa na nyumba, ghala na wateja wote kwenye mpaka mmoja alikaa akihesabu hasara. Aliye njia panda aliweza kugeuza mzigo.

Mambo mawili yaangaliwe kabla ya kununua kiwanja jijini. La kwanza ni barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati. Barabara inapanuliwa kuwa njia nne katika jiji, kati ya Nsalaga na Ifisi. Kiwanja cha barabarani kinachouzwa kwa bei ya kushangaza mara nyingi kina sababu yake, na sababu hiyo hupimwa kwa futi kamba. La pili ni milima. Aprili 2024 tope kutoka Mlima Kawetere lilifunika nyumba katika kata ya Itezi. Usinunue chini ya mteremko kiwanja ulichokiona kiangazi tu.

Tukuyu na Kyela

Kwa uzuri wa nchi, Rungwe haina mpinzani. Tukuyu, ulioanzishwa na Wajerumani wakiuita Neu Langenburg, umezungukwa na migomba na chai chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa zaidi ya mita 2,900. Ndizi, maziwa na parachichi ni bei ya shambani. Mnunuzi wa parachichi au viazi akae hapa hapa, karibu na wakulima. Tatizo ni mvua, kwani wilaya hii ni miongoni mwa zinazopata mvua nyingi kabisa nchini. Nguo hazikauki, ghala lisilo na sakafu iliyoinuliwa linaharibu mahindi, na ukungu wa asubuhi ni hatari kwa madereva.

Kyela ni kinyume chake. Ipo kando ya ziwa, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake ni la pwani. Ni kitovu cha mchele na kakao, na mpaka upo jirani. Ufukwe wa Matema, chini ya milima ya Livingstone, unatosha kumfanya mtu asahau alichokuja kufanya. Lakini malaria ipo mwaka mzima, na mafuriko ya mito hutokea wakati wa masika. Ulizia majirani maji yalifika wapi mwaka uliopita, kisha angalia alama kwenye kuta.

Raia wa Zambia na Malawi

Kupanga nyumba hakuna tatizo kwa mwenye kibali halali cha ukaazi. Kununua ardhi ni jambo jingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa taratibu maalumu. Wapo wanaoandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au shemeji. Ikitokea ugomvi au kifo, mwenye jina ndiye mwenye kiwanja, na nyumba iliyojengwa juu yake huenda pamoja nacho.

Kwa Watanzania nao, ardhi ya kijiji isiuzwe kwa saini ya mwenyekiti peke yake. Dai muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Mjini fanya upekuzi ofisi ya ardhi kwanza. Na kama muuzaji ana mke au mume, naye asaini, kwa kuwa nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili.

Kwa mpangaji, omba kulipa miezi mitatu badala ya mwaka. Wenye nyumba wa Tunduma hukataa mara nyingi, wa Uyole na Tukuyu hukubali ukizungumza nao bila dalali.