Mwindo kwa Masikio Madogo: Kuchagua Nyimbo na Vipindi vya Watoto Masisi na Walikale

Mjadala kuhusu vipindi vinavyowafaa watoto wadogo huanzia kwenye skrini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Ushauri ni mzuri, lakini katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, haufiki kwenye kiini. Huko kaya nyingi hazina umeme, na mtoto husikia kuliko anavyotazama: redio ya betri, kwaya ya kanisa, simu ya kaka iliyojazwa nyimbo sokoni. Linalohitaji kuulizwa ni kile kinachosemwa, na kinasemwa juu ya nani. Makala haya yanadai kwamba kipimo cha kwanza cha wimbo wa mtoto wa huko ni namna unavyomtaja jirani.

Dai hili limetokana na historia. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianza Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Julai mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka, redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo nchini Rwanda. Iliwanasa wasikilizaji kwa muziki uliopendwa na vijana. Chuki ikapenya humo. Mzazi anayekagua nyimbo kwa kutafuta matusi na mapenzi peke yake angeipitisha sehemu kubwa ya muziki ule bila wasiwasi. Vita havijakoma tangu hapo: mji wa Masisi ulitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Walikale ikafuata Machi. Nyimbo za wapiganaji zina mdundo, na mtoto hushika mdundo kwanza, maana baadaye.

Kwa hiyo kumpa mtoto vitu anuwai kusiishie kwenye kumrundikia katuni za nchi nyingi. Akili and Me, kipindi kilichotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, kinastahili kupendekezwa: Kiswahili chake kinaeleweka Goma, mji mkuu wa jimbo, na wanyama wake hawana kabila. Lakini hicho ndicho kikomo chake pia. Mtoto wa Masisi hukua kati ya Wahunde, Wahutu, Watutsi na Watembo. Wa Walikale, kati ya Wanyanga, Wakano na Wakumu. Asipopata kusikia lugha ya jirani katika wimbo wa kumfurahisha, huenda akaisikia kwa mara ya kwanza siku ya kukimbia.

Hazina iliyo bora zaidi iko Walikale kwenyewe. Mwaka 1956 mtambaji wa Kinyanga, Shé-Kárisi Rureke, aliwaimbia watafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene utendi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza, mkononi ana kayamba ya kibuyu, miguuni njuga, huku vijana wakigonga mti mkavu kwa vijiti na wasikilizaji wakiitikia. Sijui kipindi cha watoto kilichopangwa vizuri kuliko hicho: kuna hadithi, muziki, mwili unaocheza na nafasi ya kila aliyepo kushiriki.

Msomaji makini atapinga. Katika utendi huo Shemwindo, chifu wa Tubondo, anaamuru wake zake wazae wasichana tu. Anapozaliwa Mwindo, mvulana, baba huyo anamrushia mikuki, anamzika, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Je, hayo ni ya mtoto wa miaka minne, tena aliyekwisha kusikia risasi? Hapana, si kwa umbo hilo. Kaburi na mikuki visubiri umri. Safari ya ngoma majini kuelekea kwa shangazi Iyangura ianze mapema.

Lakini pingamizi hilo halipaswi kutufanya tuutupe utendi mzima, kwa sababu mwelekeo wake ni kinyume cha kisasi. Mwindo anamfukuza baba yake hadi kuzimu, anamrudisha akiwa hai, na baba anakiri kosa mbele ya watu. Waliouawa Tubondo wanafufuliwa. Hata ushujaa una mipaka: Mwindo anapoua joka Kirimu, Nkuba, bwana wa radi, anamchukua mbinguni mwaka mzima, ambako Mwindo anateswa na baridi na jua mpaka anajua ukubwa wake una kikomo. Akirudi anawapa watu sheria. Miongoni mwake: wasimdhihaki mgonjwa apitaye, na wazae watoto warefu na wafupi. Katika eneo ambalo watu wamepimwa urefu na pua ili wagawanywe, sheria hiyo ina uzito ambao katuni ya kuagizwa haiwezi kuubeba.

Redio Okapi, inayosikika tangu 2002 na kutangaza kwa Kiswahili pia, pamoja na redio za jamii, zingeweza kulifanya hili kwa gharama ndogo: kumrekodi mtambaji mzee wa huko, kumwachia mwalimu wa chekechea apunguze yasiyofaa umri, na kuweka viitikio vifupi kwa Kinyanga, Kihunde na Kinyarwanda ndani ya masimulizi ya Kiswahili. Viitikio visitafsiriwe. Kwa kuwa ni vifupi na hurudiwarudiwa, mtoto wa Kihutu atavishika kwa Kinyanga upesi kuliko mtu mzima yeyote nyumbani mwake.